Sista Rula na Panda ya Mshipa

Jina hilo nilimpa mimi. Muuguzi gani anatembea na rula mfukoni? Fomu za hospitali yetu zilikuwa zimetolewa kopi juu ya kopi mpaka mistari ikapauka, na yeye hakuwa mtu wa kuandika jina la mgonjwa hewani. Alichomoa rula yake ya chuma, akapiga mstari upya, ndipo akaandika. Siku niliyomwita Sista Rula mbele ya wenzetu alinitazama kuanzia utosini mpaka kwenye viatu vya plastiki, akaniambia aproni yangu nimeivaa nyuma mbele. Nikajitazama, kweli. Tangu hapo tukawa marafiki, na urafiki huo ulidumu miaka kumi na mmoja. Naandika habari zake kwa sababu waliobaki pale wanamkumbuka kwa jambo moja tu, na hilo lenyewe wanalieleza vibaya.

Mimi ni fundi wa eksirei. Chumba chetu kilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa korido, na kazi yake ni mishipa ya moyo. Mgonjwa analazwa kwenye meza nyembamba akiwa macho. Daktari anaingiza waya kwenye mshipa wa mkono, anausukuma polepole hadi kwenye moyo, kisha anapitisha dawa inayoonekana kwenye eksirei, nami napiga picha. Palipoziba panaonekana pamenyongwa. Hapo daktari anapeleka stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma chenye urefu wa punje tatu za mchele, anakitanua kwa puto dogo, na damu inapata njia. Mimi nilikuwa na mashine yangu, daktari alikuwa na waya zake, na mengine yote yalikuwa ya Sista Rula: dawa, karatasi, orodha ya wagonjwa wa siku, na kumshika mgonjwa bega anapoanza kutetemeka.

Hakuwahi kuolewa. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka kumi na saba, na mdogo wake wa kiume alikuwa na minne. Baba alikuwa ameshajiondokea zamani, hata sura yake mtoto hakuikumbuka. Sista alisomea uuguzi huku amemwacha mtoto kwa jirani, na usiku alimpitisha dirishani kwenye bweni la wanafunzi ili alale naye. Wachumba walikuja, aliniambia, ila kila mmoja aliulizwa kwanza kama ana nafasi ya watu wawili. Wakawa wanakumbuka shughuli nyingine. Mtoto akakua, akawa mpaka rangi majumba, mrefu, mcheshi, mwenye kucha ambazo hazikuwahi kutakata. Akaoa, akapata watoto wawili. Alipokuja kumchukua dada yake kazini alipiga mluzi tangu kwenye ngazi, na Sista Rula, ambaye hakuruhusu mtu kukohoa kwenye korido ile, hakumwambia kitu.

Sasa nieleze ugomvi wa panda, maana bila huo hutaelewa alichofanya.

Mshipa wa moyo haukunyooka kama bomba la maji. Unakwenda, unatoa tawi, unaendelea, na mafuta yanayouziba yanapenda kuganda hapo hapo penye panda. Ukiweka stenti moja kwenye mshipa mkubwa, inapita mbele ya mlango wa tawi, na mara nyingi uchafu unasukumwa pembeni, mlango unabanwa. Ukitaka kuuokoa mlango huo unaweka stenti mbili: ya kwanza ndani ya tawi, kichwa chake unakiponda kwenye ukuta wa mshipa, ya pili kwenye mshipa mkubwa, halafu unapuliza maputo mawili kwa mpigo ili zote zikae sawa. Moja ni kazi ya nusu saa. Mbili ni saa moja na nusu ya jasho, na ukimaliza umeacha chuma juu ya chuma.

Mkuu wetu, tuliyemwita Bingwa, alikuwa muumini wa moja. Alianza na moja, na hakuongeza ya pili mpaka aone tawi linafungika kabisa. Madaktari wenzake walimbishia kila kikao. Alipochoka kubishana akaanzisha utafiti: wagonjwa mia mbili wenye panda iliyoziba, mia wawekewe moja, mia wawekewe mbili, kisha wafuatiliwe tuone nani anabaki salama. Na ili mtu yeyote asichague, maana daktari akichagua atawapa mbili wenye nguvu na moja walio hoi halafu hesabu itamdanganya, zikatengenezwa bahasha mia mbili zenye namba, ndani yake kadi imeandikwa MOJA au MBILI, zimechanganywa na karani wa ofisi nyingine kabisa. Mgonjwa anakuwa mezani, waya umeshafika, Bingwa anatazama panda na kusema "Fungua." Muuguzi anafungua bahasha ya namba inayofuata na kusoma kwa sauti. Basi, imekwisha, hakuna rufaa.

Ufunguo wa droo ya bahasha alipewa Sista Rula. Angepewa nani mwingine? Mimi?

Lakini sisi wa chumba kile tulikuwa na ugonjwa wetu, na ni lazima niukiri. Tulipenda picha nzuri. Mwisho wa kazi nilirudisha picha ya mwisho kwenye skrini, na ikiwa ni mbili, panda ilikaa kama imechorwa, mshipa na tawi vyote vimejaa, na kila mtu alishusha pumzi. Ikiwa ni moja, tawi lilibaki limekabwa shingo. Bingwa aliliangalia, akasema damu inapita, inatosha, mgonjwa haishi ndani ya picha, akaenda kunawa. Sista Rula ndiye aliyebaki kando yangu amekunja uso. "Na huku pembeni tunakuacha hivi hivi?" aliniuliza, kama mimi ndiye niliyekuacha. Mtu anayepiga mstari upya kwenye fomu iliyopauka, mwonyeshe mshipa ulioachwa nusu, uone kama atalala.

Mdogo wake alianza kubanwa kifua akiwa juu ya ngazi. Alikuwa anapaka dari ya ukumbi wa shule, na siku moja alishuka mara tatu kupumua. Alimwambia mkewe ni harufu ya rangi. Mkewe hakuwa mjinga, akampigia simu wifi yake, na kesho yake Sista Rula alimleta kwetu, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, kama mtoto aliyekamatwa akichezea maji. Nilimpiga picha mimi mwenyewe. Ilikuwa panda ya mshipa wa mbele, ule mkubwa kuliko yote, na tawi lake nalo lilikuwa kubwa, na uchafu umekaa katikati. Sista aliitazama skrini. Kisha akaifuta kwa mkono wa gauni lake, kama vile lile doa ni vumbi.

Alikwenda kwa Bingwa akamwomba amtoe mdogo wake kwenye utafiti na amwekee mbili. Bingwa alimsikiliza kwa heshima, kwa sababu alimheshimu kweli. Akamjibu kwamba nje ya utafiti yeye hufanya anachoamini, na anachoamini ni kuanza na moja. Ndipo Sista alipoona kwamba mlango uliobaki wa kupata mbili ni bahasha. Mdogo wake akatia saini ya kuingia kwenye utafiti bila kusoma. Karatasi yoyote aliyopewa na dada yake alitia saini, tangu fomu za shule.

Asubuhi ya siku yake niliwahi kwenda kuwasha mashine. Ukutani tulikuwa na kioo cha taa cha zamani, cha kutundikia filamu za eksirei, ambacho siku hizo kilikuwa kinawashwa mara moja kwa mwezi, mgonjwa akija na filamu kutoka hospitali nyingine. Nilikikuta kinawaka. Sista Rula alikuwa amesimama mbele yake, viganja vyote viwili vimebandikwa kwenye kioo, na chini ya kila kiganja bahasha. Zilikuwa bahasha nene za kaki. Kwenye taa ya kawaida usingeona kitu, na karani aliyezichagua alidhani ametumaliza. Lakini taa ile ilitengenezwa kupenya filamu nyeusi. Ingekuonyesha hata dhamiri ya mtu. Kutoka mlangoni nilisoma herufi: kushoto MOJA, kulia MBILI.

Aligeuka akaniona. Hakushtuka, hakuficha mikono. Alinitazama tu, macho mekundu ya mtu aliyekesha, nami nikasema naenda kuchukua aproni yangu ya kukinga miale. Sijawahi kutumia muda mrefu hivyo kuvaa aproni. Niliporudi, taa ilikuwa imezimwa, droo imefungwa, naye alikuwa ameinama mezani anapiga mistari ya orodha ya siku.

Sikiliza alichofanya, maana huku nje wanasema alighushi. Hakughushi kitu. Hakubadilisha kadi, hakugusa namba. Mdogo wake alikuwa wa kwanza kwenye orodha na mzee mmoja fundi cherehani alikuwa wa pili. Yeye aliwapindua tu. Orodha ilikuwa yake, na kila siku aliipindua: mwenye kisukari asikae na njaa, aliyetoka mbali awahi kurudi. Safari hii mzee atangulie achukue MOJA, mdogo wake afuate achukue MBILI. Nani angeuliza?

Mzee wa cherehani nilimsukuma mimi kitandani mpaka mezani. Alikuwa mdogo wa mwili, mwenye utani, akamwambia Bingwa kwamba kwa kumtazama tu kiuno chake ni inchi arobaini na mbili na asibishe. Akamshukuru Sista kwa kumtanguliza kwa sababu njaa ilikuwa inamuuma. Bingwa akasema "Fungua," Sista akasoma "Moja," na katika nusu saa mzee alikuwa ametoka, tawi lake limekabwa shingo kama kawaida. Akaingia mdogo wake. "Fungua." "Mbili." Sauti yake haikutikisika hata kidogo.

Kazi ile ilichukua karibu saa mbili, na sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Panda yote ilikuwa wazi. Hata Bingwa alitabasamu. Sista aliniomba niirudishe, nikairudisha, akaniomba tena. Mara ya tatu alikuwa analia, na akaniambia, kwa ile sauti yake ya ukali, kwamba skrini yangu ni chafu.

Miezi mitano ilikuwa ya raha. Mpaka rangi alirudi kwenye ngazi zake. Dada yake alipitia kwake kila jioni akitoka kazini, akampa kwa mkono wake vidonge vya kuzuia damu isigande, kwa sababu mwenye stenti asipovimeza damu inaganda kwenye chuma na kuziba, na mwenye mbili ana chuma kingi zaidi. Alimwekea vidonge kiganjani, akasimama mpaka vimemezwa. Yule bwana alinilalamikia kwamba ana watoto wawili na bado anafunguliwa mdomo. Lakini alimeza. Hakukosa hata siku moja, na nalisema hili kwa sababu baadaye watu walitafuta wa kumlaumu, na yeye hakuwa na lawama.

Jumapili moja asubuhi aliinama kumfunga mtoto kamba za kiatu, akashindwa kuinuka. Jirani akampakia kwenye gari. Mimi niliitwa kutoka nyumbani, Bingwa akaitwa, na Sista Rula alikuwa ameshafika, amevaa nguo za kutokea, anafungua pakiti za waya kwa meno. Nilipopiga picha ya kwanza ile panda haikuwepo. Mshipa ulifika pale na kukatika, na tawi nalo kimya, damu imeganda juu ya zile stenti mbili na kufunga njia zote kwa pamoja. Bingwa alipambana kufa na kupona. Alivuta damu iliyoganda, akapuliza maputo, akazibua vyote. Ila nyama ya moyo hukaa bila damu kwa muda wake, na muda ulikuwa umepita.

Moyo uliobaki ulisukuma robo ya kinachotakiwa. Kwa mashine na dawa tulizokuwa nazo, hakukuwa na la zaidi. Miguu ikajaa maji, mapafu yakajaa maji, dawa ikayakausha, yakarudi. Akawa analala ameketi, mito minne mgongoni, karibu na dirisha. Brashi zake mkewe alizitia kwenye kopo la bati na kuzipandisha juu ya kabati asizione. Sista Rula aliendelea kwenda kila jioni na vidonge, ambavyo sasa vilikuwa vimejaa kiganja. Na kila mgeni aliyeingia chumbani mle aliambiwa na mgonjwa mwenyewe, kwa pumzi za kukatakata, kwamba huyu dada ndiye aliyempigania, ndiye aliyemtafutia stenti mbili wakati wengine wanapata moja. Alijua amepata mbili, akadhani ni bahati na maombi ya dada yake. Sista alisikiliza sifa hizo amesimama, na kila neno lilimwingia kama mwiba.

Zamu ya mzee wa cherehani kuja kuangaliwa ilifika. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili kwa miguu yake, uzi mweupe umemkaa kwenye kola. Sista akajaza fomu. Kifua kinabana? Hapana. Unapanda ngazi? Si umeniona. Unafanya kazi? Mzee akasema anashona tangu asubuhi mpaka macho yachoke, na kwamba hamsahau kamwe. "Wewe binti yangu ndiye uliyenitanguliza siku ile," alisema. "Mungu akulipe."

Mzee alipoondoka nilimkuta Sista kwenye kistoo cha aproni, amekaa sakafuni, yeye ambaye hakukaa hata kwenye kiti chenye vumbi.

"Fundi, siku ile uliniona," akasema.

"Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

Nilimwambia kwamba angekuwa ndugu yangu na mimi ningefanya vile vile. Akanijibu kuwa hilo si jibu, na kweli si jibu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na macho kama yake. Niliamini picha. Nilitaka mtoto aliyemlea apate picha nzuri, na sikujali mzee wa watu atapata nini. Kwamba mzee alipata uzima, hilo halinitoi kwenye aibu.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Bingwa akamweleza kila kitu, ila jina langu hakulitaja. Nami nilikuwepo koridoni, nikasikia, na sikuingia. Ninaishi na hilo. Bingwa alikasirika kama nilivyotegemea: utafiti umeingia doa, wagonjwa wawili watatolewa kwenye hesabu, nani ajuaye bahasha nyingine ngapi zimechunguliwa. Sista aliapa kuwa ni hizo mbili tu. Kisha hasira ikamwisha Bingwa, akabaki mtu mzima aliyechoka. Sista akamuuliza swali alilolijia: je, kama angemwacha mdogo wake atangulie, angekuwa mzima leo?

"Ningeweza kumwekea moja akaziba vile vile," Bingwa akasema. "Ningeweza kumwekea moja, leo akawa juu ya ngazi anapaka rangi. Utafiti unanijibu kuhusu watu mia. Kuhusu mtu mmoja haunijibu."

Alitaka kuhukumiwa, akanyimwa hata hukumu. Nadhani angeambiwa "umemuua" angejua pa kukaa. Utafiti wenyewe ulipokwisha, kati ya wale waliobaki, wa moja waliopata balaa walikuwa tisa na wa mbili kumi na mmoja, tofauti ambayo Bingwa mwenyewe alisema inaweza kuletwa na bahati tu. Miaka miwili ya bahasha, na jibu likawa kwamba kwa wagonjwa wetu sisi hakuna aliyeshinda. Sista Rula hakuwepo kulisikia. Walikuwa wamemhamishia chumba cha kufunga vidonda, ghorofa ya chini, ambako hakuna droo ya kufunga.

Siku chache baada ya kuungama kwa Bingwa akaamua kumwambia mdogo wake. Nilimkataza kwa ukali. Nilimwambia anataka kuutua mzigo wake juu ya mtu asiyeweza kunyanyua hata kikombe, na kwamba mgonjwa anakufa akiwa na kitu kimoja tu cha kufurahia, nacho ni yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kila siku ananisifu, Fundi. Namwibia," akasema. "Twende wote, au niende peke yangu."

Nikaenda. Chumba kilikuwa na joto, dirisha wazi, mkewe anakunja nguo za watoto pembeni. Mgonjwa alinitania kwamba nimenenepa, mashine yangu haitanienea. Sista hakukaa. Alisimama mguuni mwa kitanda, akaeleza kwa mpangilio, kama anavyotoa ripoti ya zamu: kioo cha taa, bahasha, orodha, mzee. Wifi yake aliacha kukunja nguo. Aliyekuwa kitandani hakumkatiza, ila kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Bahasha yangu ilikuwa inasemaje?" akauliza.

"Moja."

"Na huyo mzee yuko wapi?"

"Anashona."

Akageuza uso dirishani. Halafu akasema, "Sawa, Dada," kwa upole, bila kinyongo cha kuonekana, na mimi mjinga nikadhani limekwisha. Saa ya dawa ikafika. Sista akamimina maji, akaweka vidonge kiganjani, akamnyooshea mkono kama jioni zote zilizopita. Mdogo wake alikitazama kile kiganja. Alikitazama kwa hofu, ndilo neno lenyewe, hofu ya mtoto anayemwona mbwa. Kisha akasema, "Mpe mke wangu, atanipa yeye."

Sista akampa wifi yake vidonge. Wifi akampa mumewe, akavimeza.

Hakumfukuza. Hakumsema vibaya kwa mtu yeyote, na wageni walipokuja hakumsifu tena wala kumtaja. Sista aliendelea kwenda kila jioni, wakazungumza habari za watoto, mvua, bei za rangi, mpira. Lakini mdogo wake hakupokea tena kitu kutoka mkononi mwake, si dawa, si maji, si kitambaa cha kujifutia jasho. Dada akiinua kikombe yeye alikuwa ameshashiba. Ilikwenda hivyo wiki tisa. Sista akakonda, nikamwambia apumzike hata siku mbili, akaniuliza apumzike na nini.

Jumanne ya mwisho wifi yake alikuwa amekwenda kuchukua dawa hospitali, na foleni ikamchelewesha. Ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, watoto wako kwa jirani. Saa ya vidonge ikafika. Mgonjwa alikuwa anapumua kwa shida, midomo imeanza kuwa ya bluu. Sista aliniambia alimimina maji na kusimama nayo. Hakumlazimisha. Alimwambia tu kwamba saa imefika.

"Tumsubiri," mdogo wake akasema.

Wakasubiri. Yeye ameshika glasi, mwenzake ametazama mlango, dakika arobaini kwa saa ya ukutani, mpaka wifi akaingia, akachukua glasi ile ile na vidonge vile vile, akampa. Alhamisi asubuhi mdogo wake alifariki.

Baada ya mazishi Sista alinifuata hospitalini, kwenye chumba cha mashine, akasimama mlangoni bila kuingia. Aliniuliza kama zile dakika arobaini zilileta tofauti yoyote. Nikamwambia hapana, moyo ule ulikuwa umeshachoka, dakika zisingebadilisha kitu. Nilimwambia kweli tupu. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akashuka ngazi kwenda kufunga vidonda vya watu, na mpaka leo sijaona kama kweli ile ilimsaidia chochote.